Karo la Bi Arafa

Karo halipimwi kwa kata. Ndivyo nilivyosema, na narudia mbele yenu wote wawili ili asiwepo wa kudai Bibi kanong'ona. Wewe Saumu umenieleza kwamba wewe na Athumani hamjakwaruzana hata siku moja tangu mlipochumbiana, nami nikakujibu hivyo, ukacheka. Sawa, cheka. Lakini ni wewe uliyeniambia juzi kuwa unataka kurudi chuo cha uuguzi baada ya harusi, na hilo Athumani hajalisikia. Naye kaka yako Kheri kauliza methali hiyo imo katika kitabu gani. Haimo kitabuni. Ilizaliwa hapa Ngamiani, katika ua huu mlioukalia, siku ya Alhamisi, nami nilikuwepo nimelowa mpaka magotini. Kaeni vizuri niwape chanzo chake.

Niliingia nyumba hii nikiwa na miaka kumi na tisa, bibi harusi kutoka Muheza, na nyumba ilikuwa ya Bi Arafa, mama mzazi wa babu yenu Mbaraka. Mmeiona picha yake ukumbini, lakini picha haina harufu, na Bi Arafa alijulikana kwanza kwa harufu. Nguo zake alizifukiza udi, kisha akaweka maua ya langilangi kati ya kanga na kanga kabla ya kuzifungia sandukuni. Maua hayo aliyachuma kwenye mti ule mnaouona nyuma ya ukuta. Mtaa mzima, aliyekuwa na harusi alikuja kuomba maua kwake, naye aliyatoa kwa ungo. Mpaka leo nikipita mahali nikasikia udi umechanganyika na langilangi, mimi husimama. Watu huniuliza kama miguu inaniuma, nami nawaambia ndiyo, inaniuma.

Siku ya tatu baada ya harusi alinishika mkono akanileta hapa uani, kwenye karo. Lilikuwa papo hapo lilipo, sehemu ya saruji iliyobonyea, yenye tundu katikati, ambapo maji machafu yote ya nyumba yalimwagwa. Akanionyesha kata yake, kifuu cha nazi kilichosuguliwa kikawa laini, kimetiwa mpini wa mti.

"Mwanangu," akasema, "karo hili hatulimwagii ndoo. Tunamwaga kwa kata, kwa adabu. Hata maji yana heshima yake."

Mimi mtoto wa shamba nikajua ndio uungwana wa mjini, nikaufuata. Nilikuwa nikimaliza kufua, nainama juu ya beseni, nachota kata moja, namwaga, nangoja, nachota nyingine. Beseni moja lilinichukua muda wa kupika chai na kuinywa. Majirani waliponiona nao wakaona haya kumwaga ndoo makwao, wakatafuta kata. Ulifika wakati mtaa wetu ulikuwa na wanawake walioinama kutwa, na hakuna hata mmoja aliyejua kwa nini.

Mimi na Bi Arafa tulikaa kwa heshima namna hiyo hiyo. Akinikosea, nilisema si neno, mama. Nikimkosea, alisema si neno, mwanangu. Miaka mitatu hatukupandishiana sauti, na watu walitutolea mfano. Walisema nendeni kwa Bi Arafa mkaone mkwe na mkaza mwana wanavyoishi. Mimi mwenyewe niliamini.

Kisha nikajifungua pacha, Hasani na baba yenu Huseni. Wakati huo nepi zilikuwa za kitambaa, na watoto wawili hawakupumzika kuzichafua. Nilifua asubuhi, mchana na jioni kwa sabuni ya mche, na baada ya kufua kulikuwa na kazi ya pili ya kuchota maji machafu kata kwa kata. Vidole vikapasuka. Nikikamua nepi naona damu kwenye kitambaa, inabidi niifue tena. Sikumwambia Bi Arafa, na yeye hakuniuliza.

Mbaraka aliiona ile mikono. Alikuwa karani katika ofisi ya shamba la mkonge, na mhandisi mmoja mgeni alikuwa anarudi kwao na kuuza vyombo vyake. Jumapili moja babu yenu akaingia mtaani nyuma ya mkokoteni, juu yake mashine ya kufulia, nyeupe, imefunikwa shuka kama bibi harusi. Watu walijaa hadi mlangoni. Bi Arafa akaizunguka mara moja, akaushika ule mpira unaotoa maji nyuma.

"Na mkia huu unakwenda wapi?" akauliza.

"Kwenye karo, mama," Mbaraka akajibu.

Bi Arafa akauachia mpira, akajitanda kanga vizuri, akaingia chumbani. Ningekuwa na akili ningeliona pale pale, lakini mimi nilikuwa natazama mashine.

Tuliitia nepi. Ikanguruma, ikazungusha, ikatulia, halafu ikaanza kutoa maji kupitia ule mpira uliochomekwa kwenye tundu la karo. Kwa muda mfupi yalishuka. Kisha karo likajaa, likafurika, na povu likatambaa sakafuni kuelekea chumba cha Bi Arafa, kwa sababu kizingiti chake kilikuwa cha chini kuliko vingine. Alikuwa kwenye msala anaswali adhuhuri. Alipotoa salamu, msala ulikuwa umelowa nusu.

"Samahani sana, mama."

"Si neno, mwanangu."

Mara ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Niliziba kizingiti kwa matambara, Mbaraka akapanga matofali, maji yakapita katikati. Akaingiza waya kwenye tundu, na mkono wake mpaka kwapani, akautoa mtupu. Mwisho Bi Arafa mwenyewe akaleta kata. Akachota maji, akamimina tunduni, yakashuka yakilia kidogo kama mtu anayemeza. Mbaraka naye akamimina kumi, na zote kumi zikaenda.

"Karo zima," Bi Arafa akasema. "Mashine ndiyo haina adabu."

Nani angebisha? Tulikuwa tumeona kwa macho yetu. Mbaraka akatafuta mtu wa kuichukua mashine, wakaahidiana Jumamosi. Jumatano alipokuwa akila chakula cha mchana nikamwambia, "Ikitoka mashine, mimi nitakwenda Muheza na watoto, nikapumzike kidogo." Akauliza nitachukua nguo ngapi. Nikamjibu nitachukua masanduku yote mawili. Akarudisha tonge sahanini. Mke anayekwenda kupumzika na masanduku yote mawili, hakuna mume asiyemwelewa.

Kesho yake, Alhamisi, hakwenda kazini. Alikuja na Fundi Mhando, Mbondei mmoja mzee aliyefanya kazi ya mabomba relini mpaka akastaafu, mtu wa maneno machache na kofia isiyotoka kichwani. Fundi akachungulia tundu, akasikiliza maelezo. Bi Arafa akamletea kata imejaa maji, ajaribu na yeye. Mhando akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akaisifu kuwa ni kazi nzuri. Kisha akaiweka chini.

"Nipe ndoo, mama yangu."

"Karo hili halimwagiwi ndoo."

"Tangu lini?"

"Ndivyo tulivyozoea hapa kwetu."

"Mazoea nimeyasikia. Nauliza yalianza lini."

Mbaraka, kumwondolea mama yake aibu, akadakia, "Fundi, tumeshalijaribu. Kata kumi, zote zimekwenda."

"Zitaachaje kwenda?" Mhando akasema. "Unainama, unachota, unainuka, unamwaga. Kabla hujainama tena karo limeshameza na limepumzika. Tundu lingebaki kama la sindano, bado ungesema zima. Lakini mashine haina kata. Yenyewe inasukuma yote kwa mkupuo mmoja. Karo halipimwi kwa kata, mwanangu. Nipeni ndoo."

Nikampa mimi. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaijaza pomoni. Mhando akaimimina yote kwa pamoja. Nusu ilishuka. Iliyobaki ikasimama, ikazunguka, halafu ikaanza kupanda kutoka chini, ikatumwagikia miguuni na magotini, nyeusi, na ndani yake mlikuwa na nyuzi nyembamba kama nywele za mzee. Mhando akaokota moja, akaikwangua kwa ukucha, akainusa. Akanyanyua uso akatazama juu ya ukuta, kwenye mlangilangi.

"Ni mizizi ya ule mti," akasema. "Imeingia kwenye maungio ya bomba. Na si ya mwaka huu wala mwaka jana. Karo hili linaumwa siku nyingi, ila limelelewa. Tuchimbe pale, na mti itabidi uondoke."

"Mti huo hauguswi," Bi Arafa akasema, akageuka, akaingia chumbani kwake.

Sasa sikilizeni, kwa maana hapa ndipo nilipokosa adabu, na nashukuru nilikosa. Nilimfuata. Sikubisha hodi. Niliingia na miguu yangu michafu mpaka penye mkeka wake.

"Mama," nikasema, "miaka mitatu nimeitikia si neno. Leo ni neno. Mikono yangu hii hapa, itazame, hujawahi kuitazama. Nimeinama kwenye karo lako kwa kata kama mtu anayeomba maji ya kunywa, nikidhani unanifundisha ustaarabu. Kumbe ulikuwa unajua karo limeziba. Ulijua, ukaacha mashine ilaumiwe, ili itoke, na mimi nitoke nyuma yake. Mti unauonea huruma kuliko mimi. Kama hukunitaka ungesema tangu siku ya harusi."

Nilisema mengi zaidi, mengine siyarudii mbele ya wajukuu. Yalitoka yote, mpaka nikabaki nahema. Nilingoja anifukuze.

"Kaa chini, Mwantumu," akasema. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Nikakaa. "Mumeo amekwambia alikuwa na dada?"

"Aliniambia alifariki. Hakuniambia zaidi."

"Aliitwa Tatu. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja aolewe. Homa ilimchukua kwa siku nne. Tukamwosha hapo uani, mimi na dada zangu. Zamani tungemchimbia ufuo, maji yake yaingie ardhini chini ya kitanda, lakini mume wangu alikuwa ameshasakafia ua kwa saruji, kwa hiyo maji ya mwanangu yakashuka kwenye karo, yakaenda kutokea kule nje shimoni. Baada ya arobaini nikachukua mche wa mlangilangi nikaupanda pale pale yalipoishia. Maua ya harusi yake, nikasema, yachumwe na wengine."

Akakunja ncha ya kanga, akaikunjua.

"Karo lilipoanza kuchelewa nilijua ni mizizi. Akiitwa fundi, atachimba. Nikatafuta kata, nikawafundisha wote humu ndani. Likawa jambo la adabu. Wewe ulipokuja nilitaka kukwambia, nikaona haya. Nilisema, huyu mtoto wa watu akijua, kila akifua nepi za wanawe atasema amewekwa kufulia juu ya maji ya maiti. Ataichukia nyumba. Na mikono yako niliiona, Mwantumu. Niliiona tangu wiki ya kwanza. Nilikuwa nageuza uso, maana ningeuliza, ningelazimika kukwambia na lingine."

Nililia. Si kwa ajili ya mikono tena. Nilikuwa na watoto wawili wachanga wamelala chumba cha pili, na nilijaribu kufikiri kumwosha mmoja wao, fikra ikakataa.

"Mama," nikamwambia, "ungeniambia siku ile ya tatu, ule mti ningeumwagilia mimi."

Ndipo naye akalia. Tulilia pamoja kwa sauti, mpaka pacha wakaamka nao wakatusaidia, na Mbaraka amesimama mlangoni hajui amchukue nani kwanza.

Tulipotoka, Fundi Mhando alikuwa ameigeuza ndoo, ameikalia, anangoja. Bi Arafa akajifuta uso.

"Fundi," akasema, "tukiiacha njia hiyo ya zamani kama ilivyo, maji ya mashine yanaweza kupita wapi?"

"Swali hilo ningeulizwa mwanzo, tungekuwa mbali," Mhando akajibu. "Upande wa barabarani pana nafasi. Tunatoboa tundu la pili, tunalaza bomba jipya, tunachimba shimo jipya. Mti unabaki na lake."

Ijumaa badala ya kwenda Muheza nilikuwa nachota mchanga. Jumamosi yule mtu wa mashine alifika, akatukuta na majembe, akapewa chai na mkate wa mchele, akaondoka mikono mitupu. Jumatatu saruji ilipokauka Bi Arafa hakukubali mashine ianze. Alijaza ndoo mwenyewe, mwanamke wa umri ule, akaimimina yote kwa mara moja kwenye tundu jipya, kisha akainama kusikiliza. Maji yalikwenda moja kwa moja. Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka namna ile, kicheko cha msichana. Akaomba ndoo nyingine, na nyingine, mpaka nne, na maji ya bomba siku hizo yalikuwa ya kuviziwa. Nilimwachia.

Tundu la zamani Mhando alitaka kulipiga saruji. Bi Arafa akakataa, akachongesha kizibo cha mbao, likafunikwa. Mlangilangi kwa kuwa ulikuwa umezoea kunywa maji yetu, kila siku ya kufua nilibeba ndoo ya suuzo la mwisho nikaupelekea. Ndiyo sababu mpaka leo nawasumbua muumwagilie, nanyi mnadhani nawatafutia kazi. Mashine ilifua nepi za pacha na za shangazi yenu, ikafa zamani. Ngoma yake, lile pipa la ndani, ndiyo hiyo mnayooteshea mchicha.

Na maneno ya Mhando yakatembea. Yeye mwenyewe aliyarudia kila nyumba aliyoitwa. Bi Arafa naye, wakija wanawake kumwambia kwamba wao na wakwe zao hawana tatizo lolote, wanasalimiana vizuri asubuhi na jioni, aliwajibu hivyo hivyo, akanitupia jicho. Baada ya miaka miwili nilikwenda Muheza, kwa sanduku moja tu safari hii, na mama yangu akanipa nasaha: "Mwanangu, wahenga walisema, karo halipimwi kwa kata." Nikamwambia mmoja wa wahenga hao bado ananidai kofia yake, aliivua siku ile ya kuchimba shimo akaisahau kwetu.

Mimi na Bi Arafa tuligombana sana baada ya hapo. Tuligombana kwa chumvi, kwa malezi, kwa redio. Majirani wakaacha kututolea mfano. Tuliishi hivyo miaka kumi na minane, na hakuna mtu niliyempenda namna ile, na babu yenu alilijua hilo.

Bi Arafa alipofariki tulimwosha hapa uani, tumezungushia shuka. Waosha walikuja na ndoo na kopo. Niliwaomba wangoje. Nikakiondoa kile kizibo cha mbao, kilikuwa kimekwama, nikakitoa kwa kisu. Kisha nikaingia chumbani kwake nikaichukua ile kata juu ya kabati. Tukammwagia kwa hiyo, polepole, kata moja, tukangoja, kata nyingine. Maji yake yote yakashuka kwa njia ya zamani, yakaenda kwa Tatu. Hata tone halikurudi.

Haya, Saumu, usilie, utalia harusini. Maua yako yatatoka kwenye mti huo huo, nimeshayaangalia, yako tayari. Lakini kwanza nenda ndani umpigie Athumani simu. Mwambie habari ya chuo, na yale mengine unayoyajua wewe, yote kwa pamoja, bila kumchotea. Akifurika, mtajua mapema palipoziba, na mafundi wapo. Mwenye kumwagiwa kwa kata ni maiti, mwanangu. Kwa walio hai, karo halipimwi kwa kata.